Mfuniko wa tangi la samaki kutoka karakana ya Langoni: mbao safi, misumari ya aibu

Nianze na hukumu ili wenye haraka waende zao: fundi huyu wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, anajua mbao. Umeme haujui, habari za joto la maji hazimhusu, na akikwambia "kesho" usiulize kesho ya lini. Lakini ukimpelekea mchoro wenye vipimo, na skurubu zako mwenyewe mkononi, atakutengenezea mfuniko wa tangi la samaki ambao sijauona kwenye duka lolote la Mombasa. Ukimwachia aamue yeye, utarudi nyumbani na kasha la bibi harusi.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza simu. Waya, feni na themostati (kidhibiti joto) nilifunga mwenyewe. Mbao nilimlipa yeye. Nitaeleza pande zote mbili, maana mfuniko wa mbao usio na upepo ndani ni tanuri tu, hata ungetiwa nakshi za Siyu.

Tangi langu ni la sentimita 90 kwa 40, kimo 45. Kwa kiasi ninachojaza, lina lita kama 140. Ndani wamo moli, gapi na plati, samaki wasiosumbuliwa na maji magumu, yaani yenye chokaa nyingi. Maji ya kisima chetu ukichemshia chai kwa muda, sufuria huota gamba jeupe, kwa hiyo samaki wa maji laini sijaribu hata kuwatamani.

Kuna watu wataniambia: mfuniko wa nini, si uache wazi? Kweli, tangi lililo wazi hupoa kuliko lolote. Lakini hao hawakai Lamu. Paka wa hapa hawahitaji kutambulishwa. Wanaingia kwa kiwanda (ua wa ndani ya nyumba), kwa ngazi, kwa dirisha la jirani, na wakikaa juu ya kioo wanatazama chini kwa subira ya mvuvi. Mijusi wako kwenye boriti, na kinachodondoka kutoka kwa mjusi mnakijua. Nyumba yetu ni ya mawe ya zamani, chokaa yake inapukutika kila ukifunga mlango kwa nguvu, na chokaa ikiingia majini huzidisha ugumu ambao tayari ninao wa kutosha. Halafu moli wenyewe wanaruka. Kwa hiyo mfuniko ni lazima, na kazi ni kuufanya usipike.

Wazee wetu walikuwa na jibu lao. Katika nyumba za mawe, chooni, palikuwa na birika la maji ya kuogea na kutawadhia, na humo wakafugwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Ndani, kwenye sakafu ya birika, palijengewa bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Birika lile lilikuwa kwenye giza, kuta nene za matumbawe kila upande, wala hapakuwa na taa ya kumulika kitu. Joto tumelileta sisi tunaotaka kuwatazama.

Mfuniko wa plastiki uliokuja na tangi ulikuwa mweusi ndani na nje. Ulikuwa na tyubu mbili za wati 18, choki zake (vidhibiti vya umeme wa tyubu) zimefungwa humo humo ndani, na tundu kubwa kuliko yote lilikuwa la kupitishia mpira wa pampu. Alasiri ya kaskazi, msimu wetu wa joto, msana (chumba kirefu kinachotazama kiwanda) ukiwa nyuzi 31, maji yalikuwa yanafika 33. Samaki wote juu, midomo kwenye uso wa maji, wanahema. Si kwamba joto lenyewe linawaunguza. Maji ya nyuzi 25 hubeba takriban miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita; yakifika 30 hubaki na kama 7.5. Na samaki mwili wake ukipata joto unataka hewa zaidi, si kidogo. Mahitaji yanapanda, ghala linapungua.

Basi nikachora. Sanduku lisilo na chini, kimo sentimita 18, mbele kuna mlango wa kulishia wenye bawaba, upande mmoja matundu mawili ya feni, upande wa pili upenyo mrefu wa kutokea hewa. Fundi akaupokea mchoro, akaugeuza, akautazama tena.

"Hini ni mashua au ni jeneza?"

"Mfuniko wa samaki, ami."

"Samaki hufunikwa na wali, mwanangu."

Tulipomaliza kucheka tukaanza kubishana mbao. Yeye alitaka mbambakofi mtupu. Hakuna asiyejua uzuri wa mbambakofi. Ndiyo mbao ya milango na ya mashua, haiozi upesi. Lakini ni nzito, na uzito wote ungekaa juu ya ukingo wa kioo cha milimita 6 ambacho gundi ya silikoni tu ndiyo inakishikilia. Alipoona sikubali akataja mwarobaini, kwamba ni rahisi na mchwa hauugusi. Mchwa hauugusi kwa sababu mti huo una sumu yake, na sumu hiyo haina urafiki na viumbe wa majini. Huenda mbao kavu iliyopakwa vizuri isingewadhuru, lakini sina haja ya kuwafanyia samaki wangu majaribio. MDF, ile mbao ya unga wa miti uliogandamizwa, alikuwa nayo pia, imeegemezwa ukutani. Hiyo ikipata mvuke huvimba kama mkate kwenye chai. Tukakubaliana: sanduku la plaiwudi ya baharini ya milimita 9, ile ambayo gundi yake haiachii ikilowa, na kingo za nje za mbambakofi ili roho yake itulie. Plaiwudi nilipata kipande kilichobaki kwa watu wa boti, shilingi 1,500.

Sasa sifa zake, na nazitoa bila ubahili. Pembe nne za sanduku lile alizikata meno yakaingiana, na nilipojaribu kupitisha wembe kwenye kiungo haukupita. Hana meza ya kazi. Anakaa chini, mbao ameibana kwa kidole gumba cha mguu, na keekee inazunguka hali mashine ya umeme ya kutobolea imelala pembeni kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Matundu ya feni nilimwandikia: feni ya milimita 120, matundu ya skurubu yaachane milimita 105, katikati hadi katikati. Watu wengi wangekadiria kwa jicho. Yeye alipima kwa kamba, akapima kwa futi, akapima tena kwa feni yenyewe, na zilipoingia zilikaa bila kulazimishwa. Juu ya mlango wa kulishia aliongeza mstari mwembamba wa nakshi ambao sikuuomba wala hakunitoza. Ni mzuri. Sikumwambia hivyo wakati ule, asije akaendelea.

Mambo mawili yaliniudhi. La kwanza ni muda. Aliniahidi kabla ya Mfungo Sita, Maulidi ikaingia, Langoni nzima ikahamia Msikiti wa Riyadha, na sanduku langu likakaa nusu na makombo ya randa ndani. Hilo nalisamehe, mtu akitegemea fundi wa Lamu atie kazi mwezi wa Maulidi basi yeye ndiye mgeni. La pili silisamehi upesi. Nilimpa skurubu za stenlesi kwa hesabu, nikamweleza kwamba ndani ya mfuniko hakuna kingine kinachoingia: chuma kitashika kutu, shaba ina madhara kwa konokono na kamba wadogo, misumari ya kupakwa zinki nayo siitaki juu ya maji yangu. Akasema sawa. Vipande vidogo vya ndani vinavyoshikilia taa akavipigilia misumari ya chuma ya kawaida, akafukia vichwa kwa gundi na unga wa mbao, akapiga msasa pasionekane. Kaskazi moja tu ikatosha: michirizi ya rangi ya chai ikaanza kushuka kutoka kila kichwa cha msumari. Nilipomrudishia hakubisha. Aling'oa vyote, akatia skurubu, hakutaka hata senti, akaniuliza kama mama hajambo. Kwa hiyo dhamana anayo, ila haisemi.

Alitaka pia kupaka ndani sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mashua. Kwa mashua sawa. Kwa mfuniko ulio sentimita chache juu ya maji, katika joto, tone moja likidondoka linatandaza utando wa mafuta juu ya uso wote, na utando huo unazuia hewa kuingia majini. Achilia mbali harufu ndani ya msana. Nilipaka mwenyewe resini ile ya boti za faiba, mara mbili, nikakaza zaidi kwenye kingo za plaiwudi kwa sababu maji huingilia hapo kwenye tabaka, si kwenye uso. Kisha nikauacha juani mpaka harufu ikaisha kabisa. Msiharakishe hapo.

Bitana ya ndani ndiyo watu huniuliza zaidi, kwa sababu inang'aa. Wazo ni rahisi. Tyubu ya kawaida hutoa mwanga kuzunguka pande zote, kwa hiyo karibu nusu yake inapanda juu na kupotea kwenye mbao. Ukiweka kitu cha kuurudisha, unaupata bure. Foili ya jikoni ndiyo kila mtu hukimbilia, nami naikataa kwa sababu mbili: ikikunjamana mwanga unatawanyika ndani ya mikunjo badala ya kushuka, na tena inapitisha umeme, sasa ukiiweka karibu na ncha za tyubu ndani ya mvuke unatafuta nini? Kioo cha kujitazamia ni kizito na kinaweza kupasuka. Nilichotumia ni plastiki yenye upande wa fedha, aina ileile iliyo ndani ya pakiti za krispi, ila nilinunua ya karatasi kubwa ya kufungia zawadi. Nikaibandika kwa silikoni, nikaipangusa kwa kadi ya zamani ya ATM mpaka haikuwa na kiputo hata kimoja. Na sikuibandika bapa. Mwanga unaopanda moja kwa moja ukirudi moja kwa moja unaigonga tyubu yenyewe, hauendi popote. Ndiyo maana juu ya kila tyubu nilimwambia fundi atie kipande cha mbao chenye mgongo, mwanga ugawanyike kushoto na kulia.

Simu ina kihisi cha mwanga, hicho kinachopunguza ung'avu wa skrini usiku, na kuna programu za kukisoma. Nikaweka simu ya majaribio chini ya tangi tupu. Kwa tyubu za zamani, bitana iliongeza mwanga karibu nusu ya ule wa mwanzo. Nilifurahi, kisha mwani ukafurahi zaidi yangu, nikalazimika kupunguza saa za taa hadi nane kwa siku. Baadaye nikaondoa tyubu zile nikatia za LED za wati 9, urefu uleule wa sentimita 60 unaopatikana kwenye duka lolote la vifaa vya umeme hapa. Choki na stata nikatupa nje, nikaunganisha kwa mchoro uliobandikwa kwenye tyubu. Nikapima upya, na tofauti kati ya bitana na mbao iliyopakwa rangi nyeupe ya kung'aa ikawa ndogo mno, kwa kuwa LED inamulika chini tangu mwanzo. Kwa hiyo nasema wazi: anayefunga LED leo asijisumbue na bitana. Rangi nyeupe ya kung'aa, basi. Yangu imebaki kwa sababu nimeshaibandika na kwa sababu mtoto wa dada yangu anapenda kuwaona samaki mara mbili.

Feni ndiyo roho ya kitu hiki. Mbili, za kompyuta, za volti 12, zinasukuma hewa ya chumba kuingia ndani, zinaipitisha juu ya maji, inatokea upande wa pili. Wengi huzifunga kinyume, zivute kutoka ndani. Zikivuta, kila pumzi ya mvuke inapita kwenye mota, na kwa chumvi ya hewa ya hapa mota hiyo haimalizi mwaka. Zikisukuma, zinakula hewa kavu kiasi, mvuke unatoka kwa njia yake. Kwenye upenyo wa kutokea nimeweka wavu wa plastiki wa madirishani, kwa ajili ya wale mijusi.

Kinachopoza si upepo wenyewe, ni maji yanayoondoka. Lita moja ikigeuka mvuke inabeba joto ambalo lingetosha kuzishusha lita 140 kwa karibu nyuzi 4, kama chumba kisingekuwa kinarudisha joto muda wote. Chumba kinarudisha, bila shaka, kwa hiyo huzipati zote. Katika kaskazi, mlango wa kiwandani ukiwa wazi, msana ukiwa nyuzi 31 maji yangu hukaa 28 na nukta. Kusi ikivuma feni hazina kazi, siku nzima huzisikii. Shida ni siku za masika, mvua imetoka kunyesha, hewa imejaa unyevu mpaka nguo hazikauki: hapo maji hayana pa kwenda, na feni zikikimbia usiku kucha zinanipa nyuzi moja, pengine isifike. Siku upepo umesimama nazo ni vivyo hivyo. Anayetaka baridi ya hakika siku hizo anunue mashine ya kupozea maji na ajiandae kwa bili.

Themostati ni kile kibao kidogo cha umeme kiitwacho W1209 ambacho watu wa mashine za kuangulia vifaranga wanakijua sana, nilikinunua shilingi 400. Wao, kwenye mpangilio wake uitwao P0, wanakiweka kwenye H, kiwashe joto. Sisi tunaingia P0 tunaweka C, kiwashe feni joto likizidi. Nimekipangia 28, na P1, pengo la nyuzi kati ya kuwasha na kuzima, nimeweka 0.5 isiwe inawaka na kuzima kila dakika. Kinakuja uchi, hakina kasha. Kwa chumvi ya Lamu nikakipaka rangi ya kucha isiyo na rangi kila mahali isipokuwa vitufe, rilei (swichi yake ya kuwasha feni) na pale penye skurubu za waya, dawa ninayoitumia hata kwenye simu za wavuvi. Kihisi chake nikakiingiza kwenye mpira mwembamba nikaziba ncha kwa silikoni. Kibao chenyewe hakikai kwenye mfuniko. Kimekaa kwenye kidaka cha ukutani kilicho pembeni, na namba zake nyekundu mama anazisoma kutoka kitandani kama taarifa ya hali ya hewa. Waya zote zinashuka chini ya soketi kwanza ndipo zipande, ili tone likifuata waya lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye umeme. Adapta ni ya ruta iliyokufa, volti 12, ampea 1, na feni zote mbili haziimalizi. Stima ikipotea nahamishia kwenye betri ya sola, kwa kuwa ni volti zilezile. Hili peke yake lilinifanya nikatae feni za volti 240 ambazo muuzaji mmoja alinisukumia.

Gharama ya pembeni ni maji. Wakati wa kaskazi tangi linapoteza zaidi ya lita moja kwa siku, na kinachoondoka ni maji matupu; chokaa inabaki. Ukijazia maji ya kisima kila siku, ugumu unapanda bila wewe kujua. Mimi najazia maji ya mvua tuliyokinga, na ya kisima natumia pale tu ninapobadilisha sehemu ya maji.

Kelele: kwa volti 12 kamili, feni mbili zinasikika usiku, nyumba ikiwa kimya. Kwa adapta ya volti 9 zinanong'ona, lakini kibao hakipendi volti 9, kwa hiyo nimeweka kipunguza volti baina ya rilei na feni. Shilingi 150, na mama akaacha kulalamika.

Jumla, pamoja na ufundi wa shilingi 4,000, resini, kingo za mbambakofi na vikorokoro, ilifika kama 9,400. Mfuniko wa plastiki wa ukubwa huo, na nauli ya kuuleta hadi Mokowe, gati la upande wa bara, na kuuvusha, haukuwa mbali na hapo, na haukuwa na feni.

Nitamrudia. Dada yangu wa Shela anataka wa kwake, na nimeshachora. Ukienda kwake nenda asubuhi, kabla hajaelemewa na watu wa milango; mpe nusu ya pesa, hataki zaidi na usimpe zaidi; skurubu mhesabie, na siku ya kuchukua uende na sumaku ndogo uipitishe ndani kwenye kila kiungo. Ikinata mahali, mwonyeshe tu. Atang'oa.